Usiisingizie karafuu: eli nyeusi ya viungo ikiharibika Nakuru au Kisumu

Chupa ya kwanza ya eli nyeusi (bia ninayoipika mwenyewe nyumbani Nakuru) niliyompelekea shemeji yangu Kisumu aliifungua, akainusa, akairudisha mezani. "Shemeji, umeweka karafuu ngapi humu?" Nilikuwa nimeweka nne, kwa lita 20. Yeye alidhani nimemwaga pakiti nzima. Nikamwamini, na mpiko uliofuata nikaweka mbili. Harufu ikabaki ileile. Mpiko wa tatu sikuweka hata moja, na bado pombe ikanukia kama pilau ya Idi. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu karafuu nikaanza kuikagua ndoo.

Tangu siku hiyo nina desturi ya kuweka shahidi. Kabla viungo havijaingia sufuriani nachota lita moja ya maji ya kimea, yaani maji matamu yaliyolowekewa nafaka iliyooteshwa, naipoza, naitia kwenye chupa yake na chembe chache za chachu ileile, kisha naiacha ichachuke kando ya ndoo kubwa. Pombe ikitoka na kasoro naonja zote mbili. Kasoro ikiwa kotekote, viungo havina hatia: tafuta kwenye maji, joto, kimea au chachu. Ikiwa kwenye ndoo peke yake, washukiwa ni wawili tu, viungo au ndoo yenyewe. Lita moja kati ya ishirini si hasara.

Ili tuelewane, ninayoizungumzia ni eli ya mtindo wa Kiingereza, nyeusi lakini si nzito kama stauti. Kwa lita 20 natumia kilo 3.5 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 300 za kimea cha kristali, gramu 200 za kimea cha chokoleti (hakina kakao, jina linatokana na rangi ya kukaangwa) na gramu 200 za sukari nguru. Hopsi (maua ya kutia uchungu) za East Kent Goldings, gramu 35, huchemka saa nzima. Dakika kumi za mwisho naingiza kitambaa safi chenye kijiti kimoja cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu 4, robo ya kungumanga na kipande cha tangawizi cha gramu 10. Haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, huanzia karibu 1.046 na kuishia karibu 1.012, yaani kileo cha asilimia 4.5 hivi.

Inanukia karafuu kupita kiasi, au inanukia zahanati

Karafuu ya kweli ikizidi utaijua kwa ganzi. Mafuta yake hufisha ncha ya ulimi, kama dawa ya jino. Kama harufu ni ya karafuu lakini ulimi uko macho, hiyo ni kazi ya chachu mwitu. Chachu hizo hutengeneza harufu ya karafuu zenyewe, bila kiungo chochote, na dalili yao nyingine ni kwamba kila wiki inayopita harufu inazidi na gesi inaongezeka chupani.

Kwangu shahidi alikuwa safi, ndoo ndiyo chafu. Niliiosha tena nikaipiga jua, bila faida, mpaka nilipofungua bomba la plastiki la chini na kulitenganisha vipande. Ndani, pale linapozunguka, kulikuwa na utando wa kahawia unaoteleza kama ute wa bamia. Miezi mitano nilikuwa nikipitisha pombe safi hapo siku ya kutia chupani. Bomba ni la kufunguliwa kila mpiko na kuchemshwa, na mpira wa kunyonyea pombe ukishakwaruzika ndani, nunua mwingine. Ndoo yenye mikwaruzo ipeleke bafuni ikachotee maji ya kuoga.

Harufu ya zahanati ni kesi nyingine. Hiyo ni ya plasta na dawa ya kuoshea vidonda, na hutokea tangu siku ya kwanza, kwa shahidi pia kama chanzo ni maji. Klorini imekutana na kimea. Huenda imetoka kwenye maji ya mfereji, huenda umesafishia ndoo kwa dawa ya kung'arisha nguo kisha hukuisuuza vya kutosha. Mimi nimeyafanya yote mawili. Maji ya mfereji yachemshe, au yaache wazi usiku kucha kwenye sufuria pana. Kwenye miji ambako maji hutiwa kloramini, jamaa wa klorini asiyepotea kirahisi, njia hiyo haitoshi, inabidi utumie metabisulfiti, dawa ya kuivunja, na nusu ya kidonge inatosha kwa ndoo ya lita 20. Pombe iliyokwisha kupata harufu hii haiponi. Mwaga.

Inachoma koo kama chang'aa na asubuhi kichwa kinagonga

Hili ni tatizo la Kisumu. Chachu ya Kiingereza hupenda nyuzi 18 hadi 20. Mchana wa Kisumu unakaribia 30, na chachu inapofanya kazi huongeza joto lake yenyewe, nyuzi 3 au 4 juu ya joto la chumba. Kwa hiyo ndoo inayokaa kwenye chumba cha nyuzi 26 inachachukia 30, na hapo chachu hutoa vileo vizito vinavyochoma, pamoja na harufu ya ndizi mbivu zilizopita siku. Viungo huzidisha ukali huo mdomoni, ndiyo maana watu hulaumu tangawizi.

Kinachoamua ni siku tatu za kwanza. Ukizishika hizo, zinazofuata hazina madhara makubwa. Shemeji sasa huweka ndoo ndani ya karai la maji, huifunika kwa taulo ambalo pindo zake zinagusa maji hayo, na asubuhi na jioni hutumbukiza chupa mbili za soda zilizogandishwa kwenye friji. Jambo alilokuwa akilikosea ni kutia chachu mapema. Maji ya mfereji kule yenyewe ni ya uvuguvugu, hayawezi kupoza sufuria kufika 18 hata ukiyazungusha mchana kutwa. Umalizie kwa barafu nje ya sufuria, au funika vizuri usubiri mpaka usiku.

Asiye na friji anaweza kubadilisha chachu badala ya kupigana na hali ya hewa. Zile chachu za Norway ziitwazo kveik huchachuka vizuri hata juu ya nyuzi 30 bila ukali wa kileo. Hutapata ladha kamili ya Kiingereza, lakini mdalasini na kungumanga hukaa nazo vizuri. Kwa maoni yangu ni afadhali kveik safi kuliko chachu ya Kiingereza iliyopikwa na joto.

Watu wakionja pombe kali huuliza pia kama itapofusha. Kwa habari tunazosikia kila mara ni swali la haki. Pombe ya nafaka iliyochachuka tu, bila kukenekwa kama chang'aa, ina methanoli kidogo mno isiyoweza kumdhuru mtu namna hiyo. Vifo vya vileo haramu huletwa na methanoli ya viwandani inayochanganywa na watu wenye tamaa.

Imekwama, haishuki

Sasa rudi Nakuru, kati ya Juni na Agosti. Usiku unashuka karibu na nyuzi 10, na mimi naishi mtaa wa London, ambao pamoja na jina lake hauna mashine za kupasha nyumba joto. Chachu ya Kiingereza ina tabia ya kujikusanya na kuzama mapema. Ikipigwa na baridi hulala chini kama ugali uliomwagika, na haidromita inasimama 1.022 siku nne.

Usikimbilie kuongeza chachu. Kwanza pima haidromita yenyewe kwenye maji safi ya nyuzi 20: inapaswa kusoma 1.000. Pili, usiamini kibomba cha hewa, kile cha kutolea gesi juu ya kifuniko. Kifuniko kikivuja, hakitoi povu hata kama ndoo inafanya kazi. Ukishahakikisha kwamba kweli imekwama, ipeleke ndoo jikoni, ifunge blanketi, na uizungushe polepole ili mashapo yainuke bila kuingiza hewa. Siku tatu kwa nyuzi 20 mara nyingi zinatosha. Isipoamka, andaa chachu mpya kwenye glasi ya maji ya kimea yenye uvuguvugu, isubiri itoe povu, ndipo uitie. Hamira ya mkate itaifanya kazi hiyo pia, kwa kuwa ni jamaa wa karibu, lakini haitulii chini na itakuachia ladha ya unga.

Na kama shahidi naye amesimama palepale 1.022, huenda kimea kililowekwa kwenye maji yenye joto kupita kiasi, na sukari iliyobaki si ya kuliwa na chachu. Ladha itakuwa nzito na tamu. Inywe hivyohivyo.

Nyepesi kama maji ya kusuuzia kikombe

Hapa naona aibu kidogo. Nilinunua kipimajoto cha mshale, kile chenye nati ya kurekebishia nyuma. Nikakitumbukiza kwenye maji yanayotokota, kikasoma 94. Nikaona kimeharibika, nikageuza nati mpaka kikasoma 100, nikajipongeza.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji hapa hutokota kwenye nyuzi 94. Kipimajoto kilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekiharibu. Tangu hapo nilipoloweka kimea kwenye "67" kwa kweli ilikuwa 61, na kwenye joto hilo kimea hutoa sukari ambayo chachu huila karibu yote. Eli ikawa inaishia 1.006, nyeusi kwa rangi, lakini haina mwili, na viungo vinaelea juu yake kama harufu ya jirani anayepika. Nilipunguza viungo mara mbili kabla ya kugundua.

Kirekebishe kipimajoto kwa barafu inayoyeyuka, ambayo ni 0 popote, kisha angalia kama kinasoma 94 Nakuru au 96 hivi Kisumu kwenye maji yanayotokota. Kwa eli hii loweka kimea kwenye 67 au 68 kwa saa moja. Jambo la pembeni: kwa kuwa maji yetu hutokota chini ya 100, uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi. Nakuru mimi huchemsha dakika 75 badala ya 60.

Ikiwa haidromita ilianza chini, mathalani 1.030 badala ya 1.046, tatizo ni la kabla ya chachu. Chukua tone la maji ya kimea, liweke kwenye kisahani cheupe, ulidondoshee iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado haujawa sukari. Ongeza nusu saa. Tone hilo usilirudishe sufuriani. Kuna mtu aliniambia amepata shayiri ya bei nafuu moja kwa moja kutoka shambani Mau Narok. Shayiri isiyooteshwa si kimea, na peke yake haitakupa sukari hata ukiiloweka mpaka kesho.

Inakwaruza ulimi, au ina ladha ya majivu

Ni malalamiko mawili yanayofanana, na hapa miji yetu miwili inaachana kabisa.

Kukwaruza ni kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Nakuru maji mengi ya visima yana bikaboneti nyingi, chumvi inayopingana na asidi. Kimea cheusi kina asidi ya kuyatuliza wakati wa kuloweka, kwa hiyo mwanzo huenda sawa. Balaa huja unaposuuza machicha kwa maji yaleyale yakiwa moto mno, kwa kuwa hapo huvuta ukakasi wa maganda. Maji ya kusuuzia yasizidi nyuzi 75, na uache kusuuza haidromita inapofika 1.010. Mimi huchanganya maji ya kisima na ya mvua nusu kwa nusu. Sababu nyingine ya kuchanganya ni floridi: visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza tu maji yanapopungua. Kichujio cha mkaa wa mifupa huipunguza.

Majivu, au kahawa iliyoungua, ni ya Kisumu. Maji ya ziwa ni laini, hayana cha kuzuia asidi ya kimea cheusi, na eli inatoka na makali. Gramu 2 za baking soda kwenye maji ya kuloweka hutosha. Au, kama nipendavyo mimi, kiloweke kimea cheupe peke yake na uongeze cha chokoleti dakika 15 za mwisho. Magadi yaache kwenye mrenda. Ni makali, hayapimiki vizuri, na yana floridi yake.

Kisha kuna kinu cha posho. Ukipeleka kimea huko bila maelezo utarudishiwa unga, maganda yamesagika, sufuria inaziba kama uji, na ukakasi unakuja wa kutosha. Unachotaka ni punje ipasuke mara tatu au nne na ganda libaki zima. Mwombe mwenye kinu akuwekee chekecheo kubwa kuliko zote, au nunua kile kinu cha mkono cha kusagia karanga. Mikono itauma, lakini utaona kila punje.

Mdalasini nao una ukakasi wake. Ukiuacha kijiti kwenye ndoo wiki mbili, hapo mshtaki bila kusita.

Imekuwa na uchachu

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Vihiga, alianika kimea cha wimbi juu ya kabati la jikoni kwa ajili ya busaa ya sherehe. Sikuthubutu kumwambia Mama asogeze. Wiki hiyohiyo nilipika eli, nikaipoza sufuria ikiwa wazi chini ya kabati lile. Busaa yake ilitoka nzuri sana, na eli yangu nayo ikatoka busaa.

Maganda ya nafaka hubeba bakteria wa maziwa lala. Kwa busaa ni wafanyakazi wanaohitajika, kwa eli ni wezi. Usisage kimea kwenye chumba unachopozea, funika sufuria mara joto likishuka chini ya 70, na ndoo za kazi hizo mbili zisikopeshane hata mwiko. Uchachu wa siki, wenye kuuma pua, unatokana na hewa: kifuniko kinavuja au umefungua kuchungulia mara nyingi. Hakuna tiba kwa wote wawili, ingawa eli yenye uchachu kidogo inafaa kuchemshia nyama ya ng'ombe.

Siagi, tufaha bichi, mahindi ya kuchemsha

Siagi na tufaha bichi humaanisha umeiondoa pombe kwenye chachu mapema mno. Iache siku tatu zaidi kwenye joto la nyuzi 20 na chachu itaila harufu hiyo yenyewe. Mahindi ya kuchemsha: ulifunika sufuria wakati wa kuchemsha. Usifunike.

Haina gesi, au ina gesi ya kuvunja chupa

Kwa lita 20 sukari ya chupani ni gramu 90, si zaidi, maana eli ya Kiingereza haitaki gesi ya soda. Ichemshe kwenye vikombe viwili vya maji, ipoze, iweke kwenye ndoo ya pili, kisha nyonya pombe juu yake ili ichanganyike. Kutia kijiko kimoja kimoja kila chupa ndiko kunakofanya moja ilale na nyingine ilipuke.

Jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama mpira wa miguu, gesi imefika. Ikibaki laini baada ya wiki mbili na ni Julai Nakuru, peleka zote mahali penye joto. Vizibo navyo vikague. Ikiwa ngumu baada ya siku mbili tu, ulifunga pombe kabla haijamaliza, au chachu mwitu imeingia. Vaa miwani, zitie kwenye friji, funika kila moja kwa taulo, ufungue. Tumia chupa nene za kahawia za bia zinazorudishwa dukani. Zile nyembamba si za kazi hii. Na kama una mpango wa kutengeneza ya kuuza, Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya leseni ya kaunti.

Viungo vyenyewe vina makosa

Hutokea. Mdalasini wa unga hufanya utelezi na tope lisilotulia, tumia vijiti. Kungumanga ikizidi huua povu kwa mafuta yake. Viungo vilivyokaa dukani miaka vina vumbi tu. Ladha ikikosekana baada ya kuchachuka, loweka mdalasini na karafuu mbili kwenye vodka kiasi cha nusu kikombe kwa siku nne, chuja, kisha pima: matone machache kwenye glasi moja, onja, piga hesabu ya ndoo. Vikizidi, subiri miezi miwili. Karafuu hupungua, tangawizi hupungua upesi zaidi, mdalasini ni mkaidi.

Shemeji bado hulalamika kwamba eli yangu hufika na tope. Ni matatu hiyo, kupitia Mau Summit na Kericho, inatikisa mashapo yote ya chupa. Nimemwambia azisimamishe mahali pa baridi siku mbili, amimine kwa mkupuo mmoja bila kuinua shingo, na aache kidole kimoja cha mwisho chupani. Yeye huzifungua hapohapo stendi.